Landrova Iliyozimika Bugiri

Kasubi, Kampala
Tarehe 4 Septemba 1996

Kwa dada yangu ninayemheshimu, Nerima,

Salamu zangu zikufikie hapo nyumbani kwa mama, zikukute umeketi na si umesimama, maana najua ulivyo. Natumaini goti la mama limepata nafuu baada ya mvua kukatika, na kwamba yule ng'ombe mweupe amekwisha kuzaa bila taabu. Kwa upande wangu, mwili ni mzima. Kuhusu moyo siwezi kuandika hivyo hivyo bila kusema uongo. Barua hii nimeianza mara nne tangu Ijumaa, na mara nne nimeinuka kitini nikaenda kusimama mlangoni kana kwamba kuna mtu aliyeniita. Hii ni mara ya tano, nami nimekwisha kuufunga mlango.

Barua yako ya tarehe 19 Agosti niliipokea salama kwa mkono wa Rosebella, mwimbaji wa kwaya yetu. Nimefahamu kwamba kikao cha ukoo wa marehemu mume wako, shemeji yangu Wamalwa, kimepangwa Jumamosi tarehe 14 ya mwezi huu. Kwamba huko ndiko itakapoamuliwa kama utarudi katika nyumba mliyoijenga pamoja au utabaki kwa mama. Na kwamba binti yako Nasike bado amezuiliwa kwa kaka wa marehemu, Mzee Walubengo, ambaye amesema mbele ya watu kwamba mtoto hawezi kulelewa na mwanamke aliyekataliwa na maiti. Maneno hayo ya mwisho niliyasoma mara moja tu. Sikuweza kuyarudia.

Umeniomba, kwa kuwa mimi ni katibu wa chama chetu cha mazishi cha Wakenya hapa Kampala, na vilevile dereva wa Landrova yake ya kubebea maiti, niandike waraka wa kukutetea. Umesema kalamu yangu inajulikana. Ni kweli kwamba nimewaandikia watu wengi maombi ya kazi, ya viwanja, na ya kurudishiwa hati zilizopotea wakati wa vita, bila kufundishwa na mtu yeyote isipokuwa kamusi na magazeti ya zamani, na sijapata kupungukiwa maneno. Safari hii naomba univumilie. Utetezi wako haumo katika sheria wala katika maandiko matakatifu. Umo katika umeme wa Landrova.

Naomba ruhusa nirudie mambo ya Aprili ingawa uliyaona kwa macho yako, ili nitakapofika kwenye chanzo kusiwe na kiungo kilichokosekana. Tuliondoka chumba cha maiti saa tatu asubuhi, siku ya Jumamosi. Kama ilivyo desturi ya chama, matawi mabichi yalifungwa mbele ya gari, taa kubwa ziliwashwa mchana kweupe, na kaseti ya kwaya ikaimba bila kukatizwa. Mwendo ulikuwa wa heshima, kiasi kwamba pale Mukono, kwenye mteremko, tulipitwa na mwanamume aliyepakia mikungu ya matoke kwenye baiskeli, naye akatuombea njiani. Mimi hujivunia kwamba ninapombeba marehemu injini haipigi kelele; huingiza gia ya nne mapema na kuishikilia. Wewe ulikaa mbele, kati yangu na Rosebella. Mzee Walubengo na wenzake walitufuata katika basi dogo.

Tulipokaribia Bugiri, sauti za kwaya zilianza kuvutika kama za watu wenye usingizi. Injini ikakohoa mara mbili, ikazimika. Nilipogeuza ufunguo kilisikika kishindo kidogo tu, kisha kimya.

Unakumbuka jinsi wazee walivyoshuka. Hakuna aliyeuliza habari ya betri. Mmoja alisema kwamba marehemu amekataa. Mwingine akasema amekataa kwa sababu ipo. Na Mzee Walubengo akasema sababu anaijua, imekaa kiti cha mbele. Akaeleza kwamba ndugu yake aliomba arudishwe nyumbani angali na pumzi, nawe ukamweka hospitalini Kampala hadi mwisho. Rosebella alijitahidi kuwaambia kwamba maiti hashiki funguo za gari, akajibiwa anyamaze, hapa si kwenye kwaya. Ndipo Mzee Walubengo aliponigeukia mimi na kuniuliza swali moja. Swali hilo na jibu langu nitayaandika mahali pake, chini.

Ulishuka. Ulisimama kwenye mlango wa nyuma, ukaweka kiganja juu ya jeneza, ukamwomba mume wako radhi kwa kumkawisha, jambo ambalo wewe na mimi na daktari wake tunajua ulilifanya kwa kuwa bado kulikuwa na tumaini. Baada ya hapo vijana waliokuwa ndani ya basi wakalisukuma gari kwenye mteremko, nikaachia klachi, injini ikashika kwa kishindo na kunguruma, na kaseti ikaimba kwa sauti yake kamili hadi Malaba. Mzee Walubengo alisema neno moja tu: mmeona. Wewe ukapelekwa kwenye basi, kiti cha nyuma kabisa.

Nami nilirudi Kampala nikiamini, au nikijilazimisha kuamini, kwamba nimeona.

Mwezi Juni tulimbeba mwalimu mmoja wa Busia, na Landrova ikazimika karibu na Iganga. Mwalimu huyo hakuwa na mke wala mtoto wala kesi. Watu walihangaika kutafuta wa kulaumiwa hadi wakampata binamu aliyewahi kumnyima baiskeli, wakamshusha, akaomba radhi kwa habari ya baiskeli, tukasukuma, gari likawaka. Wengine waliridhika. Mimi sikuridhika, dada. Nilianza kulizunguka gari lile kila asubuhi kabla ya chai. Nilikaza mkanda unaozungusha altaneta, ile mashine ya kuipa betri umeme injini inapotembea. Nilikwangua kutu kwenye vichwa vya betri. Nililiwasha likawaka, nikalizima, nikaliwasha tena likawaka. Kanisani nilikuwa nahesabu siku zilizobaki kabla ya mtu mwingine kufa.

Hatimaye nilimwendea Zuhair, fundi wa umeme wa magari hapa Kasubi. Ukoo wake ulitoka pwani zamani sana na Kiswahili chake hunifanya nijirekebishe kabla sijafungua mdomo. Alikaa na betri siku mbili, akasema inashika chaji. Akakaza waya unaounganisha betri na mwili wa gari. Akaniamuru nikanyage mafuta ili injini ikimbie, akagusisha nyaya za mita yake, mshale ukafika volti kumi na nne, akaniambia gari langu ni zima kuliko mimi. Kwa kunipendeza tu alifungua altaneta, akatoa brashi zake mbili, vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani yake, zilizokwisha kulika, na kuweka mpya. Nikamshukuru kwa maneno mazuri. Mwezi Agosti, tukiwa na marehemu wa tatu, mama mmoja wa Bungoma, gari likazimika baada ya Lugazi.

Safari hii Zuhair alikasirika, kwa kuwa sasa lililochafuka lilikuwa jina lake. Aliniweka juu ya ndoo iliyofunikwa akaniuliza tunapobeba maiti tunafanya nini ambacho hatukifanyi siku nyingine. Nikamjibu kwa heshima kwamba tunaomboleza. Akacheka mpaka mke wake Shamsia akachungulia dirishani. Akasema, ssebo, bwana wangu, betri haiombolezi. Bwana Katibu aache hotuba amweleze mkono unafanya nini na mguu unafanya nini. Basi nikamweleza kimoja kimoja: taa kubwa, kaseti, mwendo wa pole, gia ya nne, injini isiyopandishwa. Aliacha kucheka. Akasema tumzike mtu leo hii, bila mtu.

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, tuliondoka Kasubi na Landrova tupu, taa zimewashwa, kaseti inaimba, kwa mwendo ule ule. Zuhair alikaa mahali pako, mita mapajani, nyaya zake mbili zimepitishwa dirishani hadi kwenye betri. Ningetamani uone jinsi Kampala ilivyotupokea. Wauza chapati walivua kofia. Pale Ntinda, ambako magari hayapishani hata kwa ambulensi, askari wa barabarani alisimamisha upande mzima ili tupite, akatupigia saluti. Zuhair akainamisha kichwa kama mfiwa, huku akinong'ona: kumi na mbili nukta tatu. Tulizunguka huko kwa zaidi ya saa mbili. Mbele ya lango la Kyambogo wanafunzi walisimama kimya wakatazama chini, naye akanong'ona: kumi na moja nukta tisa. Betri ilikuwa inatoa bila kupokea chochote, na injini inazunguka.

Kisha akaniambia nikanyage mafuta kama mwizi aliyeona jogoo na mwenye jogoo. Nilikanyaga. Mshale uliruka hadi kumi na nne. Nilipoinua mguu na kurudi kwenye mwendo wa maziko, mshale ulibaki juu. Wanafunzi wakatuzomea kwa kukosa adabu kwa marehemu. Zuhair alikuwa anapiga goti lake kwa furaha.

Alinieleza hivi, nami nakueleza kama alivyonieleza. Altaneta ya gari la aina ile haina nguvu ya kuanza yenyewe. Ni kama jiko linalohitaji kaa la moto kutoka kwa jirani, likishalipata, linajiendesha. Kaa hilo ni umeme kidogo unaotoka kwenye betri, na njia yake hupita katika taa ndogo nyekundu iliyo mbele ya dereva. Taa hiyo ikiungua au ikikosekana, njia imekatika, na altaneta hulala usingizi hadi izungushwe kwa nguvu sana. Siku za kawaida dereva hupandisha injini mara moja, ikaamka, na hakuna anayejua kwamba ilikuwa imelala. Fundi naye huipandisha ili apime, na kwa kupima ameiponya. Mwenye kuibeba maiti kwa mwendo wa heshima haiamshi kamwe. Taa kubwa zinakula betri, kaseti inakula betri, na baada ya saa tatu au nne betri imekwisha.

Na kule Bugiri? Nilimuuliza. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba tulilisukuma kwenye mteremko, nikaachia klachi, injini ikanguruma. Basi iliamka. Hata mbuzi angeomba radhi ingeamka.

Aliniagiza nigeuze ufunguo bila kuwasha injini, ambapo taa nyekundu hupaswa kuonekana. Haikuonekana. Akafungua skrubu nne, akavuta kibao cha mbele, akaingiza vidole viwili nyuma ya mita ya mwendo, akatoa kikombe kidogo cha balbu. Kilikuwa kitupu. Haikuwa balbu iliyoungua, haikuwemo. Aliniuliza ni nani aliyeitoa. Nikamwambia sijui.

Dada Nerima, niliitoa mimi.

Ilikuwa Jumanne ya juma lile la msiba wako. Tulikuwa tumekwenda na Rosebella kuchukua vitabu vya nyimbo, na gari likisimama mahali, ile taa ilikuwa inawaka kwa mbali, kwa sababu brashi zilikuwa zimelika, jambo ambalo sikulijua. Rosebella alinitania kwamba gari la maiti linamkonyeza, na kwamba mwenye gari akitaka mke aseme wazi. Nilicheka naye. Lakini niliona haya, maana kila mwaka katika taarifa yangu huandika kwamba gari la chama liko katika hali bora, na siku chache baadaye lingetazamwa na wakwe zako. Alipoondoka niliitoa ile balbu kwa mkono wangu. Nikaona nimetengeneza.

Kama lingekuwa hilo tu, ningekuwa nimekuandikia tangu Alhamisi. Kosa la kutojua lina mwisho wake. Linaloniinua kitini ni lingine.

Pale Bugiri, Mzee Walubengo aliponigeukia, aliniuliza kama kuna kitu chochote kilichoguswa katika gari kabla ya safari. Niliikumbuka balbu wakati ule ule. Sikujua kwamba ndiyo sababu, lakini niliikumbuka, na nilikuwa na sekunde ya kusema: ndiyo, kuna taa nimeitoa, hebu tutazame. Badala yake nilinyoosha shati nikamjibu kwamba gari ni zima, nimelikagua kwa mikono yangu mwenyewe. Uliniangalia, dada. Ulikuwa unangoja niongeze neno. Nilipokosa kuongeza, ndipo ulipofungua mlango ukashuka.

Na kuna karatasi. Umeandika kwamba wakati wa mazishi taarifa ya chama ilisomwa juu yako, na kwamba unaamini kamati ilinilazimisha kuitia sahihi. Haikunilazimisha. Mzee Walubengo alitaka niandike saa na mahali tuliposimama, basi. Sentensi inayosema, "Gari halikuwa na kasoro yoyote ya kiufundi, na liliwaka mara tu baada ya mjane kuomba radhi," hakuniomba mtu. Niliitunga mwenyewe. Niliisoma kwa sauti chumbani, nikaona imesimama vizuri, nikaiacha. Kwa sentensi hiyo umefukuzwa nyumbani kwako, na kwa sentensi hiyo Nasike analala kwa watu wanaomfundisha kukuogopa.

Jumapili baada ya ibada nilisimama mbele ya kamati nikayasema yote haya. Mwenyekiti wetu, Bwana Obonyo, aliniomba funguo na muhuri. Rosebella hakunitania. Aliniuliza tu kama nimekwisha kukueleza, nami nikamjibu kwamba nimeanza mara mbili. Akasema nimalize.

Jumatatu nilimpigia simu Mzee Walubengo kupitia duka la pale sokoni kwenu. Nilimweleza habari ya balbu. Alinisikiliza, kisha akasema kwamba sisi watu wa Kampala tunamalizia siku zetu kwenye spea za magari. Kwamba yeye aliona alichoona. Na kwamba karatasi itakayosomwa kwenye kikao ni ile ya kwanza, kwa kuwa imeandikwa vizuri zaidi kuliko ninavyozungumza sasa. Hapo nilifahamu kwamba waraka ulioniomba hautakufaa. Ukoo huo umekwisha kupata maandishi yangu, na unayaamini.

Kwa hiyo sitaleta maandishi. Nimemwomba Bwana Obonyo, naye amekubali, aniazime Landrova kwa safari hiyo moja, nirudishe funguo nikirudi. Zuhair atakuja nami. Amesema hajapata kuona fundi akiitwa shahidi na hawezi kulikosa hilo. Atabeba betri iliyochoka ili wazee wasingoje kwa muda wa saa tatu au nne. Siku ya kikao, mbele ya watu wale wale, nitaiweka balbu mpya na kuwaonyesha mita. Kisha nitazima injini, niitoe balbu mbele ya macho yao, niliwashe gari upya pamoja na taa kubwa, na kuliendesha gari kwa mwendo wa maziko kuzunguka boma la marehemu, Mzee Walubengo mwenyewe akiwa amekaa kiti cha mbele. Gari litazimika bila maiti ndani yake. Vijana watalisukuma kwenye mteremko wa kwenda mtoni, nalo litawaka bila mtu yeyote kuomba radhi. Baada ya hapo nitaisoma ile sentensi, nitaje aliyeitunga, na kumwomba Mzee Walubengo anipe Nasike nimlete kwako kwa mkono wangu. Sijui kama atakubali. Zuhair asema mtu aliyekwisha kusema "mmeona" huwa mgumu kuona mara ya pili. Lakini wenzake watakuwa wamekaa wanatazama.

Wewe usiseme lolote siku hiyo. Njoo ukikubali kuja, ukae unapotaka. Kama hutaki kuniona, nitaegesha nje ya uzio na kuzungumza nikiwa huko, sauti yangu inafika.

Sikuombi radhi katika barua hii, na naomba usinielewe vibaya. Wewe ulilazimishwa kuomba radhi barabarani, kwa kosa ambalo hukulifanya, watu wakikuhesabu machozi. Haingekuwa haki mimi niliyekosa niombe kwa siri ndani ya bahasha iliyofungwa. Nitaiomba pale, nimesimama, wote wakisikia, na utanijibu au hutanijibu.

Nisalimie mama, umsomee sehemu utakazoona zinafaa. Wasalimie majirani wa pande zote mbili. Rosebella na Shamsia wanakutumia salamu zao. Mwambie Nasike, kama watakuruhusu kumwona kabla ya siku hiyo, kwamba mjomba wake anakuja.

Nimejaribu kutafuta namna nzuri ya kumalizia, nimeikosa. Hukumkosea Wamalwa. Hakukukataa.

Ni mimi ndugu yako,
Nyongesa